Burudani Iliyovuka Mpaka Bila Kibali

Gizani kijiko kilikuwa kikikwangua ukoko wa ugali kwenye sufuria. Ni Atyang, binti wa Wilkista mfasiri wa filamu, aliyeletwa kwenye sinema pamoja na chakula chake cha jioni. Uwanja mzima wa Busia ulikuwa unangoja mashine ya sinema iwake. Badala ya mashine ikasikika sauti ya Bwana Methuselah Okedi, Afisa Msaidizi wa Utulivu wa Mpaka, aliyekuwa ameichukua maikrofoni mkononi mwa Wilkista bila kupiga hodi.

"Wananchi," alisema, "imegunduliwa kwamba nchi yetu inavuja."

Kijiko kikaacha kukwangua.

Akaeleza. Shuka la sinema lilikuwa limetundikwa pale pale mpakani. Mbele yake ni Kenya. Nyuma yake, kwa kadiri mtu yeyote alivyojua, ni Uganda, na huko nyuma watu walijaa kila jioni wakitazama filamu ile ile ya maharamia, ila kulia kumekuwa kushoto. Burudani halali ya Kenya ilikuwa inapenya kitambaani na kuingia nchi jirani bila kibali. Kule Malaba angalau kuna mto. Hapa Busia hapakuwa hata na mtaro.

"Kesho kamati itachunguza kama kweli filamu hii ina burudani," alisema Okedi. "Ikionekana inayo, gari la sinema litarudi Nairobi hadi kibali kitoke. Ikionekana haina, hakuna kinachovushwa, na mtaendelea kutazama."

Wilkista alikuwa amesoma masomo ya jioni na mtoto mgongoni, akijifunza Kiingereza kwa mwanga wa taa ya chemli, na Kiingereza hicho ndicho kilichompa kazi yake ya kwanza: kusimama kando ya shuka na kuwaeleza watu kwa Kiswahili wale Wazungu wenye mapanga wanasema nini. Gari likienda, kazi inakwenda nalo. Ilibidi filamu ichoshe.

Kamati ilikutana katika ghala la pamba, madirisha yamezibwa kwa magunia. Utaratibu ulikuwa wazi: mjumbe atakayefurahi ainue mkono. Wajumbe walikuwa wameshaonywa na Wilkista mlangoni wasifurahi. Simiyu, tanboi, yaani utingo, wa lori la Mombasa, aliuma kofia yake. Amongin, muuza samaki aliyealikwa kutoka upande wa pili kama shahidi wa nje, aliikalia mikono yote miwili.

Shujaa wa filamu alirukia kamba, akapaa kutoka meli moja hadi nyingine huku anacheka.

"Mjumbe Simiyu?"

"Kawaida tu, boss. Hata mimi huruka hivyo nikifunga turubai. Tofauti ni kwamba mimi hutukanwa na dereva."

Mapanga yakagongana.

"Mama Amongin?"

"Kupigana tunaona sokoni, ssebo, bwana wangu. Lakini huyo kijana mbona leo anatumia mkono wa kulia? Ni mtu wa mkono wa kushoto. Nimemtazama wiki nzima."

"Wa kulia, mama," alisema Simiyu.

"Kushoto. Unafundisha mimi?"

Okedi aliahirisha suala la mkono hadi serikali mbili zishauriane.

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Halafu akatokea Gavana, mnene, kofia imejaa manyoya ya ndege, amesimama ukingoni mwa meli anasoma tangazo refu. Nyuma yake haramia mmoja alikuwa anakata taratibu ubao aliosimamia. Gavana akageuza ukurasa. Ubao ukakatika. Kofia peke yake ikabaki inaelea.

Simiyu alitema kofia yake. Mikono ya Amongin ikachomoka yenyewe. Hata Wilkista alijikuta ameinua wake, akaushusha haraka kama aliyeshika jiko.

Okedi hakucheka. Alikuwa ameguswa.

"Yule ni mtumishi wa umma," alisema. "Siwezi kupeleka taarifa kwamba umma unaburudishwa na afisa kuanguka. Kosa liko kwenye tafsiri. Leo jioni, dada, utasema Gavana ameingia majini kwa ukaguzi. Wakicheka tena, gari linaondoka."

Jioni hiyo Okedi alimweka zamu Kiprono, askari mgeni aliyefika juzi kutoka Nandi, akamwamuru amkamate Mkenya yeyote atakayekutwa nyuma ya shuka akifurahia, bila kujali cheo. Kisha akazunguka mwenyewe kwenda nyuma ya shuka, kukagua uvujaji.

Gavana alipofika ukingoni, Wilkista alitafuta sauti kavu kuliko zote alizonazo.

"Gavana sasa anaanza ukaguzi wa bahari," alisema.

Uwanja ukalipuka.

"Anakagua kina," aliendelea, karibu kulia. "Kofia imebaki juu kushikilia ofisi."

Watu walishikana mabega. Wazee walilala chini. Akilini Wilkista aliliona gari likiondoka kwa barabara ya Mundika. Hapo ndipo kicheko kimoja kilipovishinda vyote, kikitoka nyuma ya shuka, kama trekta linalokataa kuwaka. Mwenye mashine akasimamisha filamu. Kiprono akatokea kwenye mwanga, ameshika kola ya Okedi.

"Niache. Mimi ndiye niliyetoa amri."

"Ndiyo, afande. Ulisema bila kujali cheo. Ulikuwa unafurahia?"

"Boss naye yuko kwa ukaguzi," alisema Simiyu.

Okedi aliutazama uwanja, kisha akautazama mkono wa Kiprono, ambao haukulegea.

"Sikufurahia. Nilikohoa. Hakuna cha kufurahia pale."

"Semea hapa, bwana," alisema Wilkista, akimsogezea maikrofoni kwa heshima zote. "Wa Uganda hawakusikia."

Okedi akanyoosha koti. "Inathibitishwa rasmi," alitangaza, "kwamba filamu hii haina burudani ya aina yoyote."

"Basi hakuna kinachovuka," alisema Wilkista.

Kola ikaachiwa. Mashine ikanguruma, na Gavana, ambaye mwenye mashine alimrudisha nyuma kidogo kwa hiari yake, akapanda tena ukingoni na kufungua tangazo lake. Mbele ya shuka na nyuma ya shuka watu walikaa kimya, nyuso zimekazwa kama kanisani, kwa kuwa sasa ilikuwa amri. Okedi aliketi mstari wa kwanza, leso mdomoni, mabega yanatikisika.

"Mama," alisema Atyang, "Bwana Okedi anacheka."