Wakili Aanza Kufundisha Jumamosi

Redio ya mzee Betri haijamaliza kusema kwamba wakubwa wanakutana kuamua kama shule zifungwe kwa ajili ya gonjwa hili, Wakili keshatoa hukumu. Zifungwe, tena leo leo. Huyu Wakili ni fundi baiskeli, mahakamani hajaingia hata kwa ushahidi, ila mdomo anao. Ningembishia, lakini nilikuwa nimebanwa katikati ya benchi la kahawa, watu saba bega kwa bega, hata pumzi naivuta kwa zamu.

Ticha, anayefundisha darasa la tano, akajaribu kueleza kwamba kwao madirisha yako wazi, watoto wananawa, kila mmoja na dawati lake. Wakili akamkata kauli. Kwani nyumbani kuna nini kisichofundishika?

"Mzazi ndiye mwalimu wa kwanza," akasema, keshasimama kabisa. "Wanangu nitawafundisha mwenyewe."

Betri akapunguza sauti ya redio. Benchi letu limeegemea ukuta wa nyumba ya Wakili, na pale dirishani cherehani ya mkewe ilikuwa imenyamaza.

"Mdomo uliponza kichwa," Betri akanong'ona.

Shemeji akatoka, barakoa iko kidevuni, pacha mmoja mkono huu, mwingine mkono huu, madaftari kwapani.

"Baba Pacha, nimekusikia. Mimi nina kazi za watu. Leo Jumamosi, anza majaribio."

Akarudi ndani, cherehani ikaanza kunguruma.

Wakili akakohoa kidogo kusafisha koo, benchi zima likajivuta kando. Akawauliza wanawe wamefika wapi. Kugawanya sehemu kwa sehemu, wakamjibu. Wakili akamtazama Ticha. Ticha akaitazama kahawa yake.

"Baba," akasema yule pacha wa kike, "mbona hawa wamebanana? Sisi tukikaa hivi darasani tunatolewa nje."

Kwa aibu tukaanza kuachiana nafasi, na benchi likatosha watu wawili tu: Betri kwa umri wake, Ticha kwa ualimu wake. Wengine tukaondoka tukicheka, tukamwacha Wakili kachuchumaa na chaki, jasho linamtoka.

Jioni redio ikatangaza kwamba shule zinabaki wazi. Nyumbani kwa Wakili zikalipuka shangwe mtaa mzima ukasikia, na sauti haikuwa ya mtoto.