Mikunjo Saba na Viza Moja

Jumatatu, 3 Machi

Kaka amepiga simu kutoka ughaibuni anakoishi. Macho yake yanafifia. Daktari wa kule amemwambia huenda kabla mwaka haujaisha akawa anatambua watu kwa sauti tu. Anataka kutuona, mimi na Dada, ana kwa ana, wakati bado anaona. Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayeagiza sukari dukani. Nikamjibu kwamba tunakuja. Kisha nikaingia bafuni nikafungua maji ili Dada asinisikie.

Miaka thelathini na tisa! Mimi ndiye niliyempiga picha za pasipoti, nne, kwenye studio yangu, na wiki hiyohiyo akaondoka. Tangu hapo tunatumiana picha. Zangu nimekuwa nikizitengeneza kabla ya kutuma. Kwa mujibu wa picha hizo, sijavuka miaka arobaini na tano.

Dada anasema mambo ni rahisi siku hizi. Viza ya utalii inaombwa mtandaoni, hakuna foleni ya ubalozini wala dirisha la kioo. Unajaza fomu, unapakia pasipoti na picha, unasubiri saa sabini na mbili. Dada ni nesi mstaafu, anaamini kila maelezo yaliyoandikwa. Mimi nina mbinu zangu.

Jumanne, 4 Machi

Dada amejaza fomu yake kwenye simu, mezani, huku akimenya vitunguu. Picha alijipiga mbele ya shuka jeupe. Nimeiona. Mwanga umeangukia upande mmoja, kidevu kimezama, mikunjo yote hadharani. Nikamwambia hiyo si picha, ni ushahidi. Akasema watu wa viza hawatafuti mchumba.

Mimi nimefungua sanduku la chini ya kitanda, nikachagua picha yangu ya siku ya kufungua studio. Tai, nywele nyeusi tii, macho yanayojua yanakokwenda. Nikaipeleka kwa Mama Printa aiskani.

Kumwandika Mama Printa kunaniuma. Duka lake la fotokopi na huduma za mtandao liko ndani ya iliyokuwa studio yangu. Palipokuwa na kiti changu cha kuzunguka kuna printa kubwa. Chumba changu cha giza kimejaa maboksi ya karatasi. Sinki bado lipo, na doa la dawa ya kuoshea picha halijatoka. Nililigusa. Mama Printa akauliza kama nimepoteza kitu. Nikasema hapana.

Akanionya kwamba picha inatakiwa isizidi miezi sita. Nikamwambia nimeanza kupiga picha za pasipoti yeye hajaota meno. Akaiskani.

Alhamisi, 6 Machi

Imekataliwa. Kwa dakika mbili tu! Mfumo umesema picha niliyopakia haifanani na mtu wa kwenye pasipoti. Sijawahi kutukanwa na mashine kabla ya leo.

Mpango wa pili. Nimejipiga picha mpya nyumbani. Ukuta mweupe, mwanga wa dirisha kutoka kushoto, taulo upande wa kulia kurudisha mwanga. Kazi safi. Kisha nikaenda kuisafisha kidogo kwenye kompyuta ya Mama Printa. Zamani nilifanya kazi hiyo kwa penseli iliyochongwa ikachongeka, juu ya negativu, nimebana pumzi. Mabibi harusi walitoka kwangu hawana hata chunusi moja. Mwalimu mkuu mmoja alitoka hana kovu, mkewe akaja juu, eti amepewa mume wa mtu. Watu walijaa kwenye benchi la nje wakisubiri zamu, wamepiga pasi hadi leso, wakitazamana viatu. Nani siku hizi anavaa vizuri kwa ajili ya picha? Nimelikumbuka benchi lile hadi mkono wangu ukasimama juu ya kipanya, na Mama Printa akauliza kama kompyuta imeganda.

Nimeondoa mikunjo saba. Miwili inayoshuka kutoka puani nilianza nayo, maana ndiyo inayonizeesha.

Jumamosi, 8 Machi

Dada amepata viza. Iliingia kwenye barua pepe wakati anaanika nguo. Akaisoma mara mbili, akaendelea kuanika. Hana hata majivuno, na hilo ndilo linalokera.

Yangu imerudishwa. Wanasema picha isiwe imerekebishwa. Halafu kwenye nafasi ya kazi niliandika "mpiga picha mashuhuri", na sasa wanataka barua ya kueleza natumwa na chombo gani cha habari, na nakwenda kupiga picha za nini. Dada yeye aliandika "mstaafu". Nikamweleza kwamba kipaji hakistaafu. Akaniuliza kipaji hicho kitamsaidia nini Kaka akishakuwa haoni.

Dada hasemi mengi, lakini akisema anakata maini.

Jumatatu, 10 Machi

Dada amechukua usukani. Amenisimamisha mbele ya shuka lake, akanishika kidevu kama alivyokuwa akiwashika watoto wa chanjo, akabonyeza. Akajaza fomu upya, "mstaafu", akatuma kabla sijafungua mdomo.

Nimeiona picha. Mzee mmoja hivi, ananiangalia kama ananidai maelezo. Sikula mchana.

Ijumaa, 14 Machi

Viza imetoka! Nilimkumbatia Mama Printa akiwa na boksi la karatasi mikononi. Kuingia mara moja, siku thelathini. Maelezo yanasema uchapishe nakala uende nayo.

Lakini picha ile imewekwa juu kulia, kila mtu aione. Kaka ataiomba karatasi hiyo, namjua, anapenda nyaraka tangu ujana. Ataisogeza hadi kwenye pua aisome. Huyo mzee wa shuka ndiye atakayebaki kichwani mwake siku zote zilizobaki? Wazo hilo limenikosesha raha kabisa. Nataka anikumbuke vizuri. Sioni kosa hapo.

Mama Printa alitoka kufuata wino. Nikabaki na kompyuta yake, robo saa. Nimemtoa mzee, nikamweka yule asiye na mikunjo saba. Kingo zimelingana, rangi imelingana, hata kivuli cha shingoni. Nikachapa kwenye karatasi ya picha, ile inayong'aa. Mkono haujasahau kazi. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilitoka kwenye mlango ule nikiwa napiga mluzi.

Dada hajui.

Jumatano, 19 Machi

Naandika nikiwa kwenye kiti cha plastiki, katika chumba kisicho na dirisha, uwanja wa ndege wa kule.

Dada alipita kwa dakika moja. Zamu yangu ilipofika, ofisa, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, alipokea karatasi yangu, akaipapasa, akaiinua kwenye mwanga. Akatazama kompyuta yake. Akanitazama mimi. Akarudi kwenye karatasi. Nikadhani amevutiwa na kazi, nikatabasamu. Akaniomba nimfuate.

Amesema kubadili hati ya viza ni kosa. Amesema pia kuna ndege inayorudi saa kumi. Kaka yuko nje, nyuma ya mlango ule, amekaa na binti yake tangu asubuhi. Nikirudishwa leo, nani atanipa viza nyingine mwaka huu? Nitakuja siku nyingine, naye atakuwa ananisikiliza tu. Nilimweleza ofisa kila kitu. Macho ya Kaka, studio, penseli, mikunjo. Nililia, na sikujali nani ananiona. Akachukua karatasi akatoka.

Siku hiyohiyo, jioni

Alirudi baada ya dakika arobaini, pamoja na Dada. Sura ya Dada siielezi hapa. Ofisa akasema viza yangu halali iko ndani ya kompyuta yao, na mtu aliye huko ni mimi, kwa hiyo karatasi yangu haina kazi. Akaichana vipande vinne. Nikatia saini onyo. Akagonga muhuri. Aliponirudishia pasipoti akaniuliza, sauti ya chini, kama picha ya marehemu mama yake iliyoingia maji inaweza kutengenezwa. Nilianza kumweleza jinsi ya kuikausha, Dada akanivuta mkono.

Kaka alikuwa kwenye benchi, fimbo magotini. Amekuwa mdogo, koti limemzidi. Nilisimama mbele yake naye akawa anachungulia pembeni yangu, anamtafuta yule mtu wa kwenye picha nilizokuwa nikimtumia. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwita. Akageuka, akanishika mashavu, akauvuta uso wangu hadi nikahisi pumzi yake. Akaupitia polepole, paji la uso, macho, pua. Akasema, "Baba."

Kisha akacheka, akasema nimemchukua Baba mzimamzima, hasa hapa, akapitisha kidole kwenye ule mkunjo unaoshuka kutoka puani. Akaupitisha tena na tena. Baba alipofariki Kaka alikuwa huku, hakufika mazishini. Miaka yote hiyo nimekuwa nikimfutia kitu alichokuwa anakitafuta. Tulilia sote watatu, watu wakipitisha mizigo yao pembeni. Dada alilia kutushinda, huku akinifinya mkono kwa hasira.

Nikaapa palepale kwamba sitarekebisha tena sura ya mtu.

Jumapili, 23 Machi

Siku nne tunazungumza nyumba ya kwetu. Mlango wa jikoni uliokuwa haufungiki. Redio ya Baba iliyokuwa haikubali mpaka ipigwe kofi. Kaka anakumbuka zaidi yetu tuliobaki. Sasa anataka kuja kuiona kwa macho yake, kabla hayajazima. Daktari ameridhia. Ila alibadili uraia zamani, kwa hiyo anahitaji viza ya utalii ili aingie kwenye nyumba aliyozaliwa. Alicheka aliposema hivyo.

Viza yenyewe ni ya mtandaoni, saa sabini na mbili. Dada akasema atajaza yeye. Nikasema amechoka, apumzike, hiyo niachieni mimi.

Leo asubuhi nimempiga Kaka picha kando ya dirisha. Inua kidevu, nikamwambia, usipumue. Akatii. Picha nzuri, lakini humo ndani amechoka mno. Mtu hawezi kurudi kwao baada ya miaka thelathini na tisa na mifuko ile chini ya macho. Majirani watasemaje? Mifuko nimeitoa. Paji la uso nimelilaza kidogo. Mbele nimemwongezea nywele, chache tu. Huku si kurekebisha, ni kumtendea mtu haki.

Kaka haoni vizuri kwenye simu, akaniuliza ametokaje. Nikamwambia ametoka kijana. Akafurahi, akaweka kola yake sawa.

Nimetuma saa nne na nusu, Dada akiwa bafuni. Safari hii nimeficha vizuri zaidi. Hawawezi kugundua.