Kadi Imeonekana, Iko Kazini

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeandikwa kwenye mafaili mengi mno ya watu waliokuwa wakimtafuta, kwa hiyo mjini alitumia jina la Wingu. Wateja walimwita hivyo kwa sababu kila alipoulizwa kitu fulani kiko wapi, alijibu kwamba kiko kwenye wingu. Waliokwisha kutapeliwa walikuwa na maelezo yao: hutanda, hutishia mvua, na ukitoa ndoo nje, huyo, ameshahamia mtaa mwingine.

Siku hiyo alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kidevu imejaa povu, aliposikia sauti ya mwanamke mlangoni. Alikuwa Mama Vifaranga, mwenye nyumba ya kutotolesha kuku nyuma ya soko, amemletea kinyozi trei ya mayai.

"Macho yangu yamekwisha, baba," alimlalamikia kinyozi, kwa sauti iliyofika hadi ng'ambo ya barabara. "Yule dada aliyekuwa akinipimia mayai ameolewa. Sasa kila yai nalimulika mwenyewe. Nasikia siku hizi kuna mashine inatazama badala ya mtu. Nikimpata wa kuniwekea, nitafumba macho nimpe anachotaka."

Tapeli akisikia mtu mwenye mali akiahidi kufumba macho, damu humwenda mbio. Wingu alijipangusa povu kwa kiganja na kusimama.

"Shikamoo mama. Mtu unayemtafuta ndiye huyu."

"Nusu bado!" kinyozi alipaza sauti.

"Itasubiri, kaka. Sayansi haina subira."

Nyumba ya kutotolesha ilikuwa na joto kama kifua cha mgonjwa. Kwenye chumba cha giza, Mama Vifaranga alikuwa na balbu ndani ya kasha lenye tundu. Aliweka yai kwenye tundu, likawaka rangi ya chungwa.

"Ona mishipa hiyo. Hili litaangua." Akachukua jingine. "Hili tupu."

"Tupu unafanya nini nalo?"

"Nauza la kula."

"Na yai viza?"

"Inategemea mnunuzi ana haraka kiasi gani."

Wingu alihisi dhamiri yake ikitakata kama shati lililotoka kwa dobi. Kumwibia mama wa namna hii haukuwa wizi, ilikuwa huduma kwa jamii.

"Sasa nisikilize, mama. Programu yenyewe ni ya ujifunzaji wa kina. Imeonyeshwa picha za mayai, hai na tupu, maelfu kwa maelfu, mpaka imejua kutofautisha yenyewe."

"Na haichoki?"

"Haichoki, haiumwi macho, haiolewi."

"Hapo umenena."

"Ila ina madeko. Inataka maktaba zake, yaani programu ndogo za kuisaidia, tena za toleo lake. Ukibadilisha moja tu, inanuna. Kwa hiyo tunaifungia ndani ya kontena."

"Kontena? Kwenye uwanja wangu huu hata mkokoteni haugeuki!"

"Si la chuma, mama. Ni kama chumba ndani ya kompyuta. Programu inahamia humo na vyombo vyake vyote, kuanzia jiko hadi kijiko, haigusi cha mwenye nyumba. Ukitaka kuipeleka kwingine, unahamisha chumba kizima. Kule itafanya vilevile inavyofanya hapa."

"Vilevile?"

"Haibadiliki hata herufi."

Mama Vifaranga aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayetia kitu kibindoni.

"Kisha," Wingu aliendelea, akishusha sauti ilivyostahili, "kuna kadi ya picha. Ile kubwa yenye feni. Bila kadi, programu itafikiria yai moja mpaka kifaranga awe jogoo. Niachie mimi nikanunue."

"Usihangaike, mwanangu. Shemeji yangu anauza vitu hivyo, nitaileta mwenyewe. Ila hapa kwangu fundi huacha rehani mpaka kazi ikamilike. Wa mwisho aliondoka na vipimajoto vyangu." Akautazama mfuko wa Wingu. "Hiyo laptopu itatosha."

Laptopu hiyo ndiyo iliyokuwa ofisi ya Wingu, kiwanda chake na chuo kikuu alichohitimu. Humo kulikuwa na vyeti vyake vyote, pamoja na mihuri aliyovipigia. Lakini kadi ya picha ingemnunulia laptopu mpya na kumwachia chenji ya kustarehe. Akamkabidhi mama laptopu kwa mikono miwili na chozi moja. Chozi lilikuwa la kweli. Ya kweli alikuwa nayo machache, na hakuyatumia ovyo.

Hapa lazima tumpe haki yake: kazi aliijua. Kwenye kompyuta ya mezani ya Mama Vifaranga alishusha programu ya mayai ambayo wanafunzi fulani wasio na tamaa waliitoa bure mtandaoni. Mara ya kwanza iligoma, kwa sababu maktaba mbili zilitaka matoleo tofauti ya kitu kilekile. Akabomoa kontena, akalijenga upya kwa matoleo yaliyoelewana. Mara ya pili ilianza vizuri ikazimia katikati, kumbukumbu iliyogawiwa ilikuwa ndogo. Akaongeza. Akatoboa dirisha ili picha za kamera ziingie na majibu yatoke. Angekuwa na bidii hiyo kwenye kazi halali, leo angekuwa maskini anayeheshimika.

Kisha akafika kwenye sehemu aliyoijia. Kontena haliioni kadi ya picha mpaka liamriwe kwa maandishi kuiona. Wingu hakuliamuru. Aliielekeza programu itumie ubongo wa kawaida wa kompyuta tangu siku ya kwanza, ili siku kadi itakapoondoka, mashine isiwe na la kulalamikia. Na juu ya maelekezo ya kuwashia, akaandika mstari mmoja wa kutokea kwenye skrini kwa rangi ya kijani: KADI IMEONEKANA, IKO KAZINI. Hakuna aliyeiuliza kadi chochote. Mstari ulitangaza tu, kama miradi mingi iliyozinduliwa kwa heshima zote.

Kadi ilipoletwa ilikuwa nyeusi, nene, nzito ya kupendeza. Wingu aliichomeka, feni zikazunguka, taa za buluu zikawaka. Akawasha kontena.

"Inasema nini?" Mama Vifaranga aliuliza.

"Kadi imeonekana, iko kazini."

"Imeonekana kweli?"

"Mama, kompyuta haiongopi."

Mama Vifaranga aliitazama skrini. Mara akaanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni, mpaka akajipangusa macho. "Wewe ni fundi, mwanangu. Nakwambia wewe ni fundi!"

Wakaweka trei chini ya kamera. Hai, hai, tupu, hai, skrini ikaandika, kwa mwendo wa mtu anayekunywa chai ya moto. Mama alirudia kila yai kwenye balbu yake na hakupata kosa. Huo ulikuwa uwezo wa kompyuta peke yake, bila kadi, lakini nani anajua? Yai lina wiki tatu za kukaa, halimkimbizi mtu.

Baada ya siku kadhaa, Wingu alirudi kupuliza vumbi.

"Afadhali umekuja," Mama alisema, akivaa viatu. "Mimi nakwenda sokoni. Ukitoka funga mlango. Na mfuko huo hapo, kama utakuwa na takataka za kubeba."

Mama alipotoka, Wingu akachomoa kadi, akaitia kwenye mfuko huo huo, akawasha kompyuta kuhakikisha. KADI IMEONEKANA, IKO KAZINI. Wingu nusura apige saluti. Uaminifu wa namna hiyo hata kwa ndugu wa tumbo moja huupati.

Upande wa pili wa mji, muuza vipuri aliipima kadi kwa kiganja.

"Umeijaribu?"

"Imefanya kazi kwa macho yangu, kaka."

Muuza vipuri alifungua skrubu, akainua jalada jeusi. Ndani hapakuwa na saketi. Palikuwa na kigae cha sakafu, kimefungwa vizuri kwa vipande vya trei ya mayai, na waya mwembamba unaokwenda kwenye feni na taa.

"Feni ni nzuri," muuza vipuri alisema kwa upole wa mtu aliyefika msibani. "Kigae kimoja sinunui. Ukileta vya chumba kizima, tutaongea."

Wingu alisimama hapo akijiuliza ilikuwaje asijue. Programu ilisema imeonekana. Na nani aliiambia iseme? Alikuwa ameutunga uongo mzuri, akawa mteja wake wa kwanza.

Alimkuta Mama Vifaranga ameketi mlangoni kwake, laptopu juu ya mapaja.

"Mama, nimekuja kuchukua kifaa changu. Kazi imekamilika."

"Imekamilika, mwanangu. Kadi yangu iko salama?"

Mfuko ulimlemea begani. Akisema kadi ni ganda, ataulizwa aliifungulia wapi. "Iko... kazini."

"Basi niwaite wafanyakazi, tufungue kompyuta tuione wote."

Wingu alikaa chini kwenye kreti bila kukaribishwa.

"Maganda hayo shemeji aliuziwa mzigo mzima, yamemjazia stoo," Mama alisema. "Nikasema nikupime. Fundi wa kweli angeniambia siku ileile, mama, umepigwa, hii ni ganda. Wewe ukaniambia imeonekana. Mimi yai siliulizi kama lina kifaranga, mwanangu. Nalimulika."

"Na laptopu yangu?"

"Rehani ni rehani. Lete kadi nzima, uchukue."

Mara mzee mmoja alitoka ndani, kasha jeusi kwapani, uso umejaa furaha. Alikuwa mwenye nyumba ya kutotolesha ya ng'ambo ya mto.

"Ndiye fundi mwenyewe? Nipe mkono! Shemeji yake Mama alinihamishia kontena lako, akaniuzia na kadi. Nimekuja kuchukua kadi ya pili, ya tawi langu. Vilevile kama hapa, halijabadilika hata herufi. Nimewasha tu, kadi imeonekana!"

Wingu aliupokea mkono. Alitazama meno ya mzee, akamtazama Mama Vifaranga, akaona laptopu ikipapaswa taratibu kama paka.

"Kompyuta haiongopi, mzee," alisema.

Mama Vifaranga alimsindikiza hadi njiani na kumpa trei ya mayai. "Ujira wako. Fundi wangu haondoki mikono mitupu."

Kwenye kona, Wingu alisimama. Akachomoa yai, akalizungushia vidole, akaliinua kwenye jua. Akaligeuza huku, akaligeuza kule. Akachukua la pili, na la tatu. Kisha akayarudisha yote kwa adabu, akajipangusa kidevu upande ule uliobaki na ndevu, akaanza kuwatazama wapita njia, akitafuta mnunuzi mwenye haraka.