Peremende za Nahodha Sugden

Jumatatu, 9 Juni

Siku ya tatu baharini. Leo nimetapika mara moja tu. Maendeleo!

Mezani mambo yananyooka. Hilary ameniita "Nahodha Sugden" mbele ya mhudumu, na mhudumu akaniongezea viazi. Yote ni kazi ya koti la buluu lenye vifungo vya shaba, nililolipata kwenye mitumba ya kanisa. Jioni ya kwanza Hilary alilitazama koti, akauliza kama nilikuwa nahodha. Sikusema ndiyo. Nilisema, "Ah, hayo ya zamani," kisha nikatazama mbali dirishani. Nani kadanganywa hapo?

Hilary ni mwanamke mjane. Ana macho ya kucheka, na anakula pudini bila kuona haya. Tangu mke wangu Jean afariki sijapata mtu wa kunifanya ninyoe ndevu mara mbili kwa siku. Nampenda. Haya, nimeandika.

Tatizo ni Clive. Daktari wa meno mstaafu, amejibandika kulia kwake, meno meupe kama sinki jipya. Leo kaniuliza niliongoza meli gani. Nikasema ni siri ya serikali. Akauliza mbona nahodha anatapika. Nikamwambia meli za kivita hazitikisiki, hizi za utalii ndizo zinazoyumba kama walevi. Hilary akasema maskini, akanipa kipande cha tangawizi. Clive akatafuna mkate kwa hasira. Moja bila!

Keshokutwa tunatia nanga Scotland. Hilary ameahidi tutashuka wawili tu, tutembee polepole, tusifuatane na kundi. Clive hakualikwa.

Jumanne, 10 Juni

Msiba! Nahodha wa meli (yule wa kweli) ametangaza kwenye kipaza sauti kwamba upepo wa kaskazini umechafuka. Scotland basi. Kesho tutashuka Thornsea.

Thornsea! Nimezaliwa Thornsea. Nimetembeza punda ufukweni Thornsea maisha yangu yote, watoto migongoni, hadi mpwa wangu Kev aliponipokea kazi. Hakuna mbwa wala shakwe wa pale asiyenijua. Na bahari yenyewe niliiingia hadi magotini tu, tena nikimfuata punda mkaidi.

Mpango wa kwanza: kuumwa. Nikajilaza nikaguna. Hilary akaja, akanipa pole, akasema nipumzike tu, Clive atamsindikiza. Nikapona palepale.

Mpango wa pili: kofia pana, skafu hadi puani, miwani ya jua. Nimejitazama kwenye kioo. Sikujijua hata mwenyewe.

Jumatano, 11 Juni, mchana

Naandika nikiwa chooni kwenye mkahawa wa ufukweni. Hilary anasubiri nje. Dakika moja tu ya kupumua.

Rasharasha tangu asubuhi. Thornsea nzima mwenye miwani ya jua ni mimi peke yangu. Nikashindwa kuona ngazi ya mashua, nikamkanyaga kasisi.

Hilary akataka samaki na chipsi. Nikapendekeza hoteli ya ng'ambo ya mji. Akasema harufu ndiyo hii, twende wapi tena? Tukaingia kwa Sandra, mkaanga chipsi. Sandra hakuinua hata macho kwenye mafuta yake.

"Wilf, mpenzi! Kama kawaida? Na njegere za kupondwa?"

Nikageuka nyuma kumtafuta huyo Wilf.

"Usigeuke, mzee, nasema na wewe! Hiyo miwani ya nini, kuna mtu kakutia ngumi?"

Nilimwambia Hilary kwamba nina binamu hapa mjini, tumefanana sana. Hilary akauliza na yeye anaitwa Wilf? Nikasema ukoo wetu hauna ubunifu.

Nje tukakutana na Norman wa posta. Akapaza sauti toka upande wa pili wa barabara, "Wilf! Si ulisema unakwenda baharini wiki nzima? Bahari imekushinda?" Hilary akauliza kumbe binamu naye yuko safarini. Nikasema ndiyo, ni ukoo wa mabaharia.

Alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda. Sijui maana yake. Njia ya mwongo ni fupi, alikuwa akisema mama, lakini mama hakuwa na mipango kama yangu.

Mpango wa tatu, na huu ni wa kitaalamu: viti vya turubai kule mwisho kabisa wa ufukwe, nyuso baharini, migongo mjini. Nani atamtambua mtu kwa kisogo?

Jumatano hiyohiyo, jioni

Yamekwisha. Naandika kitandani na koti nimelitupa chini.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Jua lilitoka. Hilary alivua viatu, akafukia vidole mchangani. Tukanywa chai, tukala skonzi. Clive akapita na aiskrimu, akisema kwa sauti jinsi anavyowafahamu ndege, na shakwe akashuka akaondoka na aiskrimu yote. Hilary alicheka hadi akanishika mkono. Hakuuachia! Nikatoa peremende za mnanaa mfukoni, nikamkaribisha. Nilikuwa na furaha kuliko wakati wowote tangu Jean afariki.

Kikulacho ki nguoni mwako. Peremende zilezile ndizo nilizowapa punda wangu kila siku ya kazi.

Kev alikuwa akiwapeleka punda kwenye mapumziko yao ya mchana, sita kwa mstari, Beryl mbele. Upepo ulitoka kwangu kwenda kwao. Beryl akasimama. Masikio juu. Kisha akaja, na watano nyuma yake, na Kev akiburutwa kama gunia. Kichwa chote mfukoni mwangu! Kofia ikaenda. Miwani ikaenda. Skafu akaila. Halafu akalia mlio ambao nadhani waliusikia Denmark.

"Mjomba!" Kev akahema. "Kumbe uko hapahapa? Mbembeleze huyu bibi yako ale, amegoma tangu uondoke!"

Clive alikuwa amesimama na koni yake tupu. Sijawahi kuona meno mengi kiasi kile. "Nahodha! Kumbe mabaharia wako ndio hawa? Na huyu mwenye masikio ni msaidizi wako?" Ufukwe mzima ukacheka.

Nilikuwa na uongo mmoja zaidi, mzuri, tayari mdomoni: kwamba sijawahi kumwona punda huyu maishani mwangu. Lakini Beryl akaweka kidevu begani kwangu, kama afanyavyo akichoka. Wanasema asante ya punda ni mateke. Beryl hakunipiga teke hata siku moja. Nisingeweza kumkana.

Nikamwambia Hilary: huyu ni Beryl. Mimi ni mtu wa punda. Sijawahi kuongoza hata mtumbwi.

Hilary akainuka. Akaokota viatu vyake, akapanda kuelekea mjini pekupeku. Nilirudi melini kwenye mashua ileile na Clive, akiimba nyimbo za mabaharia njia nzima. Chakula cha jioni, kiti cha Hilary kitupu. Clive amekula pudini mbili.

Alhamisi, 12 Juni, asubuhi

Hilary amekuja! Alinikuta sitahani nikiitazama Thornsea inavyopotea. Akaketi. Akasema jana alirudi kwa Sandra, akaagiza chipsi nyingine, akamhoji.

Sandra kamwambia yote. Kwamba Jean alipougua nilimpitisha Beryl chini ya dirisha lake kila jioni ili amwone. Nilitamani sakafu ipasuke.

Kisha Hilary akasema, "Wilf, marehemu wangu alikuwa nahodha. Wa kweli. Krismasi moja nilikuwa naye, inayofuata yuko baharini. Uliposema wewe ni nahodha nikasema, ee Mungu, mwingine tena!"

Nikamuuliza kwa nini basi alikubali kutembea nami.

"Kwa sababu sijaona nahodha mbovu kama wewe. Nikasema huyu hawezi kufika mbali na nyumbani." Akauliza punda humaliza kazi saa ngapi. Nikasema saa kumi na moja. Akauliza baada ya hapo huwa niko wapi. Nikasema nyumbani, naweka birika jikoni. Akasema saa kumi na moja ni saa nzuri.

Sharti ni moja: uongo basi. Nimeapa kwa jina la Beryl kwamba sitadanganya tena juu ya bahari. Mtu mpya! Nimempa mhudumu koti.

Alhamisi, jioni

Hilary amempigia simu dada yake, Rosalind, kunitambulisha. Akanipa simu nisalimie, yeye akaenda kutafuta chai. Rosalind ana sauti ya watu wa majumba ya kifahari. Akauliza kazi yangu ilikuwa nini hasa. Na Clive, kiti cha pili, kajifanya anasoma gazeti, sikio limemsimama!

Nilisema wanyama. Akauliza wanyama kivipi. Mdomo ukajisemea wenyewe: daktari. Wa wanyama wakubwa.

Si uongo kabisa. Kikohozi cha Beryl nilikitibu mimi, kwa asali. Na kiapo kilihusu bahari. Nchi kavu haikutajwa popote.

Clive alilishusha gazeti. Uso wake! Mbili bila.

Rosalind amefurahi mno. Kumbe anafuga farasi. Mmoja anachechemea mguu wa nyuma, na madaktari watatu wameshindwa. Mimi na Hilary tumealikwa chakula cha mchana Jumapili, nije na vifaa vyangu.

Sina wasiwasi. Nina siku tatu na peremende za kutosha. Kwani farasi ni nini? Ni punda aliyerefuka tu.