Kuhusu Meno ya Herufi za Kompyuta Yako

Daraja Mbili, Kisii.
Machi 1996.

Kwa Bwana Lalit, mwenye duka la vitabu na kompyuta,

Natumaini wewe na Mama Jayshree mko salama. Mimi niko salama isipokuwa mkono. Ndimi niliyechora jina la duka lako kwa brashi, ukasema herufi zimetulia. Sasa malalamiko:

1. Nyakerario wa hoteli alileta karatasi iliyotoka kwa kompyuta yako, nimchoree bango vilevile. Herufi O ilikuwa na meno pembeni kama msumeno. Nikajua mashine imeshindwa kupiga kona, nikaisaidia, nikachora mviringo. Nyakerario akakataa. "Fundi, umeniondolea kompyuta. Rudisha."

2. Nikarudisha. O yangu ni mivuto miwili ya brashi. O yako ina meno arobaini, kila jino mivuto miwili. Jina ni Hoteli ya Moyo Mmoja. Hesabu hizo O mwenyewe. Mimi nilizihesabu nikiwa juu ya ngazi.

3. Meno yanaenea. Obwocha wa bucha kule Marani hajawahi kuiona kompyuta, lakini anataka ng'ombe wake achorwe na meno mgongoni, eti awe wa kisasa. Kanisa letu nalo linataka KARIBUNI yenye meno, kwa sababu wale wa ng'ambo ya barabara wanayo.

4. Mkono umeambukizwa. Nilimwandikia mama mkwe salamu kwa kalamu ya kawaida. Alipoona maandishi yanavyotetemeka kwa meno, akanitumia dawa ya malaria.

Kwa hivyo naomba ununue mashine inayojua kuzunguka. Kama huwezi, panda ngazi yangu siku ya soko uwatangazie watu kwamba meno ni ugonjwa wa mashine, si urembo. Hilo nalo likikushinda, niletee hiyo kompyuta niifundishe O. Nitaipa miezi mitatu, kama mwanafunzi mwingine yeyote, na chakula ijitegemee.

Nisalimie binti yako Neha anayeibonyeza, na wote hapo dukani.

Ni mimi ninayezunguka kwa shida,
Cleophas Ombui,
Fundi wa Mabango.

Tanbihi: Nimekutana na Neha, ameniambia umeagiza mashine mpya ya kutoa herufi laini. Bwana Lalit, nakusihi usiifungue. Watu wa Nyaramba wameagiza mabango tisa yenye meno, na kutoka hapa mpaka Nyamira anayejua kuyachora ni mimi peke yangu. Mama mkwe nitakuwa nikimpelekea salamu kwa miguu.