Maombi Yenye Ushahidi

Jumatatu, 3 Machi
Mungu wangu! Binti yangu, ninayemwita Profesa kwa usomi wake, amerudi kutoka chuo. Wakati wa kuombea chakula nimefungua jicho moja, nikakuta yake yote mawili yako wazi. Nimemuuliza. Amejibu kwa adabu kwamba ameacha kuomba. Siku hizi anaamini lenye ushahidi. Ushahidi! Jumamosi anaondoka kwenda kazini mbali, na mimi nataka aombe nami mara moja tu kabla hajavuka mlango. Baba yake, huku anajikanda magoti yake mabovu, amesema nimwache mtoto ale. Mwalimu wa dini amesema imani na akili ni ndugu, kwa hiyo haziwezi kugombana. Huyu hana ndugu nini?

Darasa la nne nililiacha nusu, lakini kuhesabu najua. Nimechukua daftari. Kila ombi nitaliandika, na jibu lake kando. Atauona ushahidi kwa macho yake hayo hayo.

Jumanne, 4 Machi
Ombi la kwanza: jua. Mashuka kumi na moja ya nyumba ya wageni ninayoifulia yako kambani na wenyewe wanayataka jioni. Kumbe ng'ambo ya ukuta jirani yangu Mama Miche, muuza miche ya mboga, anaomba mvua. Na kwa sauti ile, hata asiyetaka kusikia husikia. Saa nne, mvua! Amechungulia kuniambia Mungu ni mwema. Nimekubali, meno nimeyabana.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwahi. Nimeomba jua kabla jogoo hajakohoa. Mama Miche kaamka saa mbili, kapiga miayo, kaomba maneno manne. Mvua! Profesa ameuliza, taratibu tu, Mungu humsikiliza mwenye miche au mwenye mashuka. Nimesema wote wawili. Ameuliza mashuka yanakaukaje huku yanalowa. Nimekwenda kuchemsha chai.

Alhamisi, 6 Machi
Akili ni nywele, na zangu leo zimesimama! Kosa ni kuomba makubwa. Nimeomba leo iwe Alhamisi. Imekuwa! Nimeomba pasi ishike moto nikiitia makaa. Imeshika. Nimeomba Mama Miche anikosoe. Hata amina sijafika, kaniambia kamba yangu imelegea. Pamoja na mengine madogo ya namna hiyo, kumi na tisa kwa kumi na tisa! Ukurasa wa maombi ya jua nimeuchana, ulikuwa wa kujifunzia.

La ishirini: Baba akorome akilala mchana. Amelala. Kimya. Nimesubiri. Kimya! Nikadhani amekufa, nimemmwagia kikombe cha maji huku napiga yowe. Kumbe alikuwa macho muda wote, akijiuliza kwa nini nimemkodolea na kalamu mkononi. Nimelifuta. Hilo si kosa la Mungu, ni la mume wangu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimempa Profesa daftari. Amelisoma lote kama anayesahihisha mtihani. Kisha:

"Mama, unachokitaka hasa mbona hukukiandika?"

Nimemwambia kweli: nikinyimwa hicho, hesabu yote itaharibika.

"Basi hata wewe huamini, mama yangu."

Hakusema kwa ubaya. Afadhali angesema kwa ubaya. Shati moja nimelipiga pasi mara nne.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeliandika. Ombi lenyewe: aombe nami. Mlangoni, yeye begi begani, nimemshika mikono nikaanza: njia, bosi wake, chumba cha kupanga, mwenye chumba, paa la mwenye chumba. Nimefungua jicho moja. Yake yote mawili wazi! Yananitazama mimi, yamejaa maji. Nikakwama pale pale kwenye paa. Ndipo akasema polepole:

"Magoti ya baba, mama. Umeyasahau."

Nimeyaombea. Amina nimesema peke yangu, yeye amenikumbatia. Amesisitiza kwamba ile haikuwa sala, alinikumbusha tu. Nimeandika: Limejibiwa. Halafu, kwa ajili ya haki, nikaongeza: robo tatu.

Jumapili, 9 Machi
Baba ameamka anatembea kama bwana harusi! Anasema ni dawa ya kuchua aliyoachiwa na Profesa. Nimemwambia anyamaze. Nimemwandikia mwanangu barua: magoti yamejibiwa, kumi kwa kumi. Dawa sikuitaja, isije ikachanganya ushahidi.