Mashine Iliyofunikwa Kitambaa

Mungu alimpa Meshack macho mawili tu, na yote mawili aliyatumia kuchungulia sebule za watu. Asubuhi hiyo alikuwa akipita mtaa wa Kikuyu, Dodoma, na pikipiki yake, boksi la sabuni limefungwa nyuma, alipoona kupitia mlango uliokuwa wazi kitu kilichomfanya apunguze mwendo: mashine ya kufulia, imesimama katikati ya makochi, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na juu yake chombo cha maua ya plastiki.

"Asante, Baba wa mbinguni," alinong'ona.

Kwake ishara ilikuwa wazi. Anayeweka mashine sebuleni ana fedha, hana maarifa, na anaogopa hata kuibonyeza. Mtu wa namna hiyo unamuuzia majivu, mradi uyataje kwa sauti ya upole.

Na bidhaa zake hazikuwa mbali na majivu. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono, ile ya gunia, aliichanganya na chumvi na kuitia kwenye mifuko inayong'aa. Dawa ya kulainisha nguo ilikuwa losheni ya watoto iliyozimuliwa kwa maji, na marashi kidogo ya kuwatuliza wenye pua. Kwa biashara hii alikuwa amemaliza mkataba wa pikipiki wiki ileile, baada ya kumpelekea tajiri mwenye pikipiki hesabu kila jioni mwaka mzima. Sasa kadi ilikuwa na jina lake. Aliipenda pikipiki hiyo kuliko ndugu zake, na ndugu zake walilijua hilo.

Mwenye nyumba alikuwa Mwalimu Anyesi, mama mstaafu, mwembamba, mwenye miwani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Unauza nini?"

"Siuzi, Mwalimu, naokoa mashine. Maji yetu ya hapa Dodoma unayajua, yana chumvi, nguo zinatoka zimekakamaa kama ngozi ya mbuzi. Halafu watu wanatia sabuni ya mkono! Povu linajaa, mashine inakohoa, inakufa. Hii yangu haina povu. Unatia ya unga hapa, na hii ya kulainisha kwenye kijisanduku cha pembeni."

Kila alichosema kuhusu sabuni ya mkono kilikuwa kweli. Tapeli aliyekomaa husema kweli tupu, isipokuwa anapofika kwenye bidhaa yake.

"Hizi sabuni zinanichanganya," Mwalimu alisema kwa unyonge. "Ikiharibika je?"

Meshack akatoa kiapo chake cha siku zote. "Mashine ikidhurika, chukua pikipiki yangu!"

Kiapo hicho hakijawahi kumletea shida, kwa sababu wateja hufua yeye akiwa keshafika mtaa wa tatu.

"Nasra!" Mwalimu akaita. Jirani yake, mama wa Kirangi aliyejaliwa mwili na sauti, akaja akifuta mikono. "Hebu rudia, mwanangu, na mwenzangu asikie."

Meshack akarudia, safari hii mkono uko kifuani.

"Basi tufue sasa hivi," alisema Mwalimu, akaondoa maua. Nasra akavuta mpira wa maji kutoka jikoni, akakunja zulia kabla hajaambiwa, kisha akajaa mlangoni. Meshack hakuwa na pa kutokea. Akamimina sabuni kidogo sana, akisali.

Mashine ikazunguka. Povu likatoka, likashuka sakafuni, likasogea hadi kwenye makochi bila haraka. Kisha ndani kukalia pu! Moshi ukapanda, nyumba ikanuka waya zilizoungua.

"Umeniulia mashine," Mwalimu akasema, akijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Zawadi yangu ya kustaafu!"

"Tumwite balozi wa mtaa?" aliuliza Nasra. "Au twende polisi moja kwa moja, nao waione hii sabuni isiyo na povu?"

Meshack alilitazama povu, akalitazama boksi lake, akaitazama pikipiki pale nje. Moyo ulimuuma kama amefiwa. Akatoa ufunguo na kadi.

"Mimi si mtu wa tamaa," alisema Mwalimu. "Mashine chukua wewe."

Meshack akaipakia kwenye guta la kukodi hadi Ihumwa kwa fundi Filipo, akijipa moyo kwamba ikipona ataiuza. Filipo alipoiona alicheka mpaka akakalia tairi.

"Si ya Mwalimu Anyesi hii? Mota yake ilikuwa taabani tangu masika. Nilimwambia ikizunguka mara moja tu inaungua, bora aifunike kitambaa aweke maua."

Meshack alirudi Kikuyu kwa miguu, matusi yamemjaa mdomoni. Mlango ulikuwa wazi kama asubuhi. Katikati ya makochi ilisimama pikipiki yake, imeoshwa, kiti kimefunikwa kitambaa cheupe, na juu yake chombo cha maua.

"Shikamoo," akajikuta akisema, maana alilelewa vizuri.

"Marahaba, mwanangu."

"Mwalimu, ulijua mashine ni mbovu! Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Uliona kitambaa, ukanipima akili." Akayaweka sawa maua. "Sasa natunza hii. Ukimwona kijana anayeuza oili ya pikipiki, iliyo nzuri kama sabuni yako, mwambie apite. Mlango wangu haufungwi."